Fedha Zimeingia Wapi Leo? Mwongozo Kamili wa Kusoma Mtiririko wa Fedha DSE na NSE

Jioni moja niliona kwenye ripoti ya soko la hisa kwamba kaunta (yaani hisa za kampuni moja sokoni) ya benki fulani, ambayo kwa kawaida huuza hisa elfu chache kwa siku, imeuza hisa zaidi ya milioni moja. Bei haikusogea hata shilingi. Nikajiambia wakubwa wanakusanya. Kesho yake asubuhi nikampigia dalali wangu na kuweka oda ya kununua, juu kidogo ya bei ya soko. Kabla ya saa sita mchana oda yote ilikuwa imejaa. Wiki tatu baadaye bei ilikuwa imeshuka na kaunta ile imerudi kwenye elfu chache zake. Dalali ndiye aliyenieleza kwamba zile hisa milioni zilikuwa muamala mmoja tu. Taasisi moja iliiuzia nyingine, na bei walishakubaliana kabla hata ya oda kuingizwa kwenye mfumo.

Namba zilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kusoma jumla bila kuuliza jumla hiyo imeundwa na nini. Tangu hapo nimekuwa na daftari, siku hizi lipo kwenye Excel, na ninaandika ndani yake fedha zilizopita katika kila kaunta ninayoifuatilia. Mwongozo huu ni namna ninavyolijaza na ninavyolisoma, kwa soko la hisa la Dar es Salaam (DSE) hasa, na la Nairobi (NSE) pale linapotufundisha jambo.

Kabla ya kujaza chochote

Utasikia watu wakisema "fedha zimeingia sokoni" au "fedha zimetoka." Kwa soko la upili, yaani pale wewe na mimi tunaponunuliana hisa zilizokwisha kutolewa, kauli hiyo inahitaji uangalifu. Kila hisa iliyonunuliwa leo imeuzwa na mtu leo. Mauzo yakiwa shilingi milioni 400, milioni 400 zimelipwa na milioni 400 zimepokelewa. Hakuna pipa linalojaa.

Kinachobadilika ni nani mwenye haraka. Mnunuzi mwenye haraka hupanda kumfuata muuzaji, na bei hupanda naye. Muuzaji mwenye haraka hushuka kumfuata mnunuzi. Hilo ndilo tunalotafuta tunaposema mtiririko wa fedha: fedha nyingi zaidi zimepita siku ambazo wanunuzi walikuwa na haraka, au siku ambazo wauzaji ndio waliokuwa nayo? Na swali la pili, ambalo kwetu huku lina uzito kuliko la kwanza: wenye haraka hiyo ni watu wengi au ni mtu mmoja?

Nasema kwetu huku kwa sababu vipimo vingi unavyovikuta mtandaoni vilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako kampuni moja kubwa huuza mamilioni ya hisa kila siku bila kupumzika. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, ya gesi za viwandani. Leo lina kampuni nyingi, lakini bado zipo kaunta zinazomaliza siku kadhaa bila muamala hata mmoja. Kipimo cha Marekani ukikileta hapa bila kukirekebisha kitakupa jibu, na jibu hilo litakuwa baya.

Hatua ya kwanza: pata ripoti ya siku, ile ile kila siku

DSE hutoa ripoti ya soko kila siku ya biashara, na madalali huituma kwa wateja wao kwa barua pepe au WhatsApp. Ichukue kwenye tovuti ya soko au moja kwa moja kwa dalali wako. Picha zinazozunguka kwenye magroup zisiingie daftarini. Nimewahi kukuta picha ya ripoti ya wiki iliyopita ikijadiliwa kwa hamasa kama ya leo. Kwa Nairobi, madalali wengi hutuma muhtasari wa siku wenye bei, idadi ya hisa, na mara nyingi ununuzi na uuzaji wa wageni.

Ripoti huwa za Kiingereza, kwa hiyo zoea maneno machache utakayoyakuta vichwani mwa safu. Volume ni idadi ya hisa zilizouzwa. Turnover ni thamani yake kwa shilingi. Deals ni idadi ya miamala. Outstanding bids ni oda za kununua zilizobaki bila kutimizwa, na outstanding offers ni oda za kuuza zilizobaki. Watu wengi hutazama bei na volume, wakaishia hapo. Mimi naona safu hizo mbili za mwisho, pamoja na ya deals, ndizo zenye habari.

Chagua kaunta tano, zisizidi nane. Ukianza na soko zima utachoka siku ya nne. Ukiwa DSE, anza na zinazouzwa karibu kila siku: benki za CRDB na NMB zinafaa kwa mwanafunzi kwa sababu zina wanahisa wengi na miamala ya kutosha.

Hatua ya pili: andika thamani, usiishie kwenye idadi ya hisa

Idadi ya hisa hudanganya kwa njia mbili. Kwanza, hisa 10,000 za kampuni inayouzwa shilingi 200 ni milioni 2, na hisa 10,000 za kampuni inayouzwa shilingi 6,000 ni milioni 60. Ukizilinganisha kwa idadi, umezifanya sawa. Pili, kampuni ikigawa hisa zake, idadi hupaa bila fedha kuongezeka. Equity Bank ya Kenya iligawa kila hisa moja kuwa 10 mwaka 2009. Anayefuatilia idadi peke yake angeona biashara imeruka mara kumi usiku mmoja.

Kwa hiyo kila mstari wa daftari langu una tarehe, bei ya juu ya siku, ya chini, ya kufunga, idadi ya hisa, thamani ya mauzo, idadi ya miamala, oda za kununua zilizobaki na oda za kuuza zilizobaki. Mwishoni kuna safu pana ya maelezo. Safu ya maelezo usiifute hata kama unaona haina kazi. Humo ndimo naandika "matokeo ya robo mwaka yametoka leo" au "kesho kutwa daftari la wanahisa linafungwa kwa ajili ya gawio." Mwezi mmoja baadaye hutakumbuka kwa nini Jumanne ile mauzo yalipanda, na bila maelezo hayo utabuni sababu.

Hatua ya tatu: tenga miamala ya mkupuo

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muamala wa mkupuo ni ule ambao mnunuzi na muuzaji wamekutana nje ya foleni ya kawaida (yaani mfumo ambamo oda za watu wote husubiri na kushindana kwa bei), wakakubaliana, kisha dalali akauingiza kwenye mfumo. Mara nyingi pande zote mbili ni taasisi, kwa mfano mfuko wa hifadhi ya jamii, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kampuni ya bima au mfuko wa nje. Ni halali kabisa na soko linauhitaji. Taasisi yenye hisa milioni tano ikizimwaga kwenye foleni ya kawaida ya Dar es Salaam, bei itaporomoka bila sababu ya msingi. Lakini kwako wewe unayepima haraka ya wanunuzi, muamala huo hausemi lolote kuhusu foleni. Hawa wawili hawakushindana na mtu.

Maelezo ya ripoti mara nyingi hutaja iwapo kulikuwa na "block trade." Yasipotaja, gawanya thamani ya mauzo kwa idadi ya miamala. Chukua kaunta mbili, kila moja imeuza milioni 12. Ya kwanza ina miamala 48, wastani wa shilingi 250,000 kila mmoja. Hao ni watu, walimu na wafanyabiashara na vijana wenye simu. Ya pili ina muamala mmoja. Jumla ni moja na habari ni mbili tofauti. Ukiona wastani wa muamala umeruka mara kumi au zaidi ya kawaida ya kaunta hiyo, mpigie dalali umuulize. Hilo ni sehemu ya kazi yake.

Daftarini naweka safu mbili za thamani: mauzo yote, na mauzo ya foleni ya kawaida. Hesabu zote zinazofuata zinatumia ya pili.

Hatua ya nne: ijue kawaida ya kaunta

Milioni 30 kwa siku ni nyingi au kidogo? Kwa kampuni kubwa si jambo la kushtua, kwa kampuni ndogo ni sikukuu. Kila kaunta ipimwe kwa kawaida yake yenyewe.

Usitumie wastani wa kawaida kutafuta kawaida hiyo. Tuseme kaunta imeuza milioni 2 kila siku kwa siku 20, na siku ya 21 milioni 200. Wastani utakuambia kawaida ni zaidi ya milioni 11, ilhali siku 20 kati ya 21 hazikufika hata robo ya hapo. Tumia namba ya katikati: panga siku 21 kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya 11. Excel inayo kwa jina MEDIAN. Kwa mfano huu itakupa milioni 2, na huo ndio ukweli wa kaunta hiyo.

Kisha gawanya mauzo ya leo kwa namba hiyo. Jibu likiwa 1, siku imepita kama kawaida. Likiwa kati ya 2 na 3, naangalia. Likizidi 3 kwa siku mbili au tatu mfululizo, bila muamala wa mkupuo ndani yake, hapo kuna jambo, na ninaanza kusoma matangazo ya kampuni kwa makini. Siku moja peke yake siijengei chochote.

Namba hii ina faida nyingine ambayo wengi huikumbuka wakiwa wameshachelewa. Inakuambia utatokaje. Tuseme una hisa 50,000 za kampuni ambayo foleni yake ya kawaida huuza hisa 4,000 kwa siku. Ukitaka kuuza bila kuibomoa bei, pengine uchukue sehemu moja ya tano ya mauzo ya siku, yaani hisa 800. Utahitaji siku 62 na zaidi za biashara kumaliza, ambazo ni karibu miezi mitatu. Fanya hesabu hii kabla ya kununua.

Hatua ya tano: soma foleni zilizobaki

Mauzo yanaonyesha fedha zilizokutana. Oda zilizobaki zinaonyesha fedha na hisa ambazo bado zinasubiri, na katika soko lenye miamala michache hizi ndizo zinazotangulia bei.

Nikupe mfano. Kaunta imefunga shilingi 500. Oda za kuuza zilizobaki ni hisa 300,000, za kununua ni 15,000. Bei haiwezi kupanda hapo, kuna ukuta. Wiki inayofuata bei bado ni 500, lakini oda za kuuza zimepungua hadi 180,000. Wiki ya tatu, 40,000. Bei bado ni 500. Anayetazama bei peke yake ataapa hakuna kilichotokea. Aliyeandika safu ile anaona kwamba kuna mtu, au watu, wanakula ukuta taratibu bila kuipandisha bei. Lakini hakikisha hisa hizo zimeuzwa kweli, hazikuondolewa tu. Jumlisha mauzo ya foleni ya kawaida kwa wiki hizo. Kama ukuta umepungua hisa 260,000 na mauzo ya kipindi chote ni hisa 30,000, basi muuzaji amebadili mawazo au oda yake imeisha muda, na hakuna aliyekusanya. Kama mauzo yanakaribia 260,000, zimenunuliwa.

Nairobi kuna jambo la kuongeza. Bei ya hisa haiwezi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kaunta ikigonga ukomo huo, mauzo hupungua kwa sababu hakuna anayekubali kuuza kwa bei hiyo, na fedha nyingi hubaki foleni. Siku kama hiyo mauzo madogo hayamaanishi hamu ndogo. Pia bei ya kufunga ya NSE ni wastani wa miamala ya siku kwa uzito wa hisa zilizouzwa, kwa hiyo muamala mdogo wa dakika ya mwisho hauwezi kuiburuta.

Hatua ya sita: kipimo cha MFI, kwa mkono

Baada ya usafi wote huo ndipo fomula inapofaa. Ninayoitumia ni MFI (Money Flow Index, yaani kipimo cha mtiririko wa fedha), iliyobuniwa na Gene Quong na Avrum Soudack. Tunahitaji bei wakilishi ya siku, ambayo ni bei ya juu, ya chini na ya kufunga zikijumlishwa na kugawanywa kwa 3. Izidishe kwa idadi ya hisa, upate fedha za siku. Kama bei wakilishi ya leo iko juu ya ya jana, fedha hizo ni chanya. Kama iko chini, ni hasi. Zikiwa sawa, siku hiyo haihesabiwi.

Tuchukue kaunta ya mfano. Siku ya kwanza bei wakilishi ni 500, na hiyo ni ya kuanzia tu. Siku ya pili, 510 kwa hisa 60,000: milioni 30.6, chanya. Siku ya tatu, 520 kwa hisa 55,000: milioni 28.6, chanya. Siku ya nne inashuka hadi 510 kwa hisa 20,000: milioni 10.2, hasi. Siku ya tano, 515 kwa hisa 10,000: milioni 5.15, chanya. Siku ya sita, 505 kwa hisa 30,000: milioni 15.15, hasi.

Chanya zote ni milioni 64.35. Hasi zote ni milioni 25.35. Fomula ya vitabuni ni ndefu, lakini ukiifungua utakuta ni asilimia tu: chanya igawanywe kwa jumla ya chanya na hasi. Yaani 64.35 kwa 89.7, ambayo ni asilimia 71.7. Kwa kawaida huhesabiwa kwa siku 14. Juu ya 80 husemwa kwamba kaunta imenunuliwa kupita kiasi, chini ya 20 kwamba imeuzwa kupita kiasi.

Sasa urudishe muamala wa mkupuo. Tuseme siku ya nne taasisi mbili zilipeana hisa 2,000,000 kwa shilingi 510. Hiyo ni shilingi bilioni 1.02, na kwa kuwa siku ile bei ilishuka kidogo, zote zinaingia upande hasi. Hasi inakuwa milioni 1,045.35. Kipimo kinaanguka kutoka 71.7 hadi 5.8. Watu walewale, foleni ileile, haraka ileile ya wanunuzi, na kipimo kimegeuka kutoka "moto" hadi "wameikimbia" kwa sababu ya makubaliano ya watu wawili. Programu za simu zinazochora MFI hazijui tofauti hiyo. Zinachukua jumla tu. Ndiyo sababu nasisitiza ukihesabu mwenyewe.

Vipo vipimo ndugu. OBV (On-Balance Volume), uliopewa umaarufu na Joseph Granville mwaka 1963, unajumlisha idadi yote ya hisa siku bei ikipanda na kuitoa ikishuka. Ni rahisi, lakini unategemea idadi ya hisa, na nimeshaeleza shida yake. Kile cha Marc Chaikin kinaangalia bei imefunga karibu na juu au karibu na chini ya siku, kisha kinagawanya kwa tofauti kati ya juu na chini. Dar es Salaam kuna siku nyingi ambazo bei ya juu, ya chini na ya kufunga ni moja. Tofauti ni sifuri, na hakuna kugawanya kwa sifuri. Excel itakuandikia kosa. Kwa kaunta zetu nyingi naona hakifai.

Hata MFI siitumii kwenye kaunta iliyofanya biashara chini ya siku 10 kati ya 14. Hapo tosheka na foleni zilizobaki na idadi ya miamala.

Hatua ya saba: wageni na wenyeji

Tanzania iliondoa ukomo wa umiliki wa wageni wa asilimia 60 mwaka 2014. Tangu hapo ni jambo la lazima kujua fedha za kigeni zinaelekea wapi. Hesabu ni rahisi. Toa mauzo ya wageni kutoka kwenye manunuzi yao. Siku soko limeuza milioni 400, wageni wamenunua milioni 60 na kuuza milioni 240, wametoka kwa milioni 180. Na kwa kuwa kila kilichouzwa kimenunuliwa, wenyeji wameingia kwa milioni 180 hizo hizo. Ushiriki wa wageni ni manunuzi na mauzo yao yakijumlishwa, 300, kwa mara mbili ya mauzo ya soko, 800: asilimia 37.5.

Kwa nini ujali? Tazama Safaricom. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka 2021 zilizidi 40. Mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya 15. Katikati ya miaka hiyo kampuni haikufa. M-Pesa iliendelea kufanya kazi kila kona ya Kenya, ingawa uwekezaji mkubwa wa Ethiopia ulikuwa unakula faida. Kilichotokea zaidi ni kwamba wageni waliuza, wakauza tena. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu sifuri, ikafika asilimia 5.25 hadi 5.50 Julai 2023. Shilingi ya Kenya ikashuka kutoka takriban 110 kwa dola mwaka 2021 hadi karibu 160 mwanzoni mwa 2024.

Mweke mgeni aliyenunua kwa shilingi 40, dola ikiwa 110. Hisa yake ilikuwa senti 36 za Marekani. Kwa shilingi 14, dola ikiwa 160, ina senti 9 hivi. Mkenya amepoteza asilimia 65, mgeni amepoteza 76. Anayeona hivyo huuza kwa bei yoyote, na haraka yake haihusiani na idadi ya watu wanaotuma pesa kwa simu Nakuru. Februari 2024 Kenya ilipouza hatifungani ya dola bilioni 1.5 kulipia sehemu ya deni lililokuwa linaiva Juni, shilingi iliimarika kwa kasi, na ile hofu ya sarafu ikapungua.

Kwa hiyo ukiona mgeni anauza, jiulize anaikimbia kampuni, anaikimbia sarafu, au amepata riba nzuri kwao. Jibu la kwanza linakuhusu moja kwa moja. Mengine mawili yanaweza kukupa bei nzuri, ila hayakuambii lini yataisha. CMA ya Kenya, yaani mamlaka ya masoko ya mitaji, huchapisha takwimu za robo mwaka za fedha za wageni, na hizo zinafaa kuliko za siku moja kwa sababu siku moja hutawaliwa na muuzaji mmoja. Na ukisoma jumla ya NSE, itoe Safaricom uone kinachobaki. Uzito wake ni mkubwa kiasi kwamba "soko limeshuka" mara nyingi humaanisha Safaricom imeshuka.

Fedha za wenyeji nazo zina mahali pengine pa kwenda. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilileta hatifungani (mkopo ambao serikali huchukua kwa wawekezaji) ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata riba ya matoleo mapya ikashushwa hadi 12.56. Unapofuatilia DSE, andika kwenye safu ya maelezo kila mnada wa hatifungani za serikali. Mifuko ya hifadhi ya jamii na benki hupima hisa dhidi ya riba hiyo kabla ya kununua hata moja.

Hatua ya nane: weka bei na fedha pamoja

Mazingira manne hujirudia. Bei inapanda na fedha za foleni ya kawaida zinaongezeka: mwendo una watu, uheshimu. Bei inapanda huku fedha na miamala vikipungua: wauzaji wamejificha, na akitokea mmoja mwenye shida ya ada ya shule bei itarudi. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote kwa sababu kwenye chati linapendeza. Bei inashuka kwa fedha kidogo: mara nyingi ni uchovu tu, subiri. Bei inashuka kwa fedha nyingi na miamala mingi: watu wengi wameamua, na usiwe na haraka ya kudhani wewe umeona wasichokiona wao. Soma matangazo kwanza.

Kabla ya gawio, toa siku za karibu na kufungwa kwa daftari la wanahisa (orodha ya watakaolipwa gawio) kwenye hukumu yako. Watu hununua ili walipate gawio, kisha huuza, na vipimo vyote huchafuka kwa wiki moja au mbili. Kumbuka pia malipo hukamilika siku tatu za biashara baada ya muamala, kwa hiyo fedha za aliyeuza Jumatatu hazipatikani kununulia kaunta nyingine hadi Alhamisi.

Hatua ya tisa: andika unachodhani kabla hujaweka oda

Ongeza safu moja zaidi. Ndani yake andika sentensi moja: unadhani nini kinatokea, na nini kikitokea utajua umekosea. Weka tarehe ya kurudi kuisoma, siku 20 za biashara mbele. Mstari mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Ukuta wa 500 umeliwa kwa siku 12, miamala 20 hadi 35 kwa siku, hakuna mkupuo. Nadhani itavuka 520. Nimekosea kama oda za kuuza zitarudi juu ya 150,000." Siku ya tisa zilirudi hadi 210,000. Nikampigia dalali, nikafuta oda.